Sikio Langu Ndilo Lililosengenya

Kwa dada yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu na mwenye kofi zito kuliko baba,

Salamu nyingi. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua cha mama kimepata nafuu, na baba anaendelea kubishana na kila mtu. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Kwenda juu ndiko kwenye kesi, na naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo herufi zikikuparura usinisahihishe. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari ya mwalimu mkuu, unajua.

Swali lako nimeliona. Umeliuliza mara tatu na kulipigia mstari: kwa nini fundi saa wako amenyamaza ghafla, miezi miwili hana barua wala simu, na kama mimi ninayekaa naye mtaa mmoja nimesikia lolote. Nitakujibu. Ila jibu lenyewe linapita masikioni mwangu, kwa hiyo nivumilie.

Hapa karakana hakuna anayekunja bati kama mdogo wako. Tangi nililoligonga mimi halivuji hata ulitukane. Lakini kutwa ni nyundo juu ya bati, watu sita chumba kimoja, na paa lenyewe ni bati. Tangu mwanzo wa mwaka masikio yangu yanalia. Mchana nyundo zinayafunika. Nikijilaza tu, yanafungua duka: nyiiii, kama mbu aliyesomea uimbaji. Nimejifunika mto, nimelala kifudifudi, nimeyatukana. Wapi.

Na unaikumbuka sheria ya marehemu bibi: sikio likilia, unasemwa. La kulia unasifiwa, la kushoto unasengenywa, na likilia mbele ya mtu, basi msemaji ni huyohuyo. Yangu yote mawili yamekuwa ya kulia. Mwanzoni nilitamba, nikajua nimekuwa maarufu. Wiki ya tatu bila usingizi, umaarufu ukanichosha. Nikaacha kumsalimia mama mwenye nyumba. Nikamfukuza Kobe, tuliyekuwa tukichangia chumba, kwa kosa la kunisengenya, naye maskini alikuwa anakoroma.

Mwezi uliopita tukapelekwa kuezeka ghala mbali huko, tukalala kwenye mahema. Nyumba ya karibu ni mwendo wa nusu siku. Nikasema afadhali, huku hakuna wa kunisema. Dada, ule ukimya ulikuwa kama kuufungulia mlio mlango. Ulivimba hadi meno yakaniuma. Nikatoka nikawaamsha wote watano, nikitaka nimjue anayenitaja. Nilidhani nitapigwa. Mnyapara akaniuliza tu kama wangu ni nyiii au ni vuuu. Wake ni vuuu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kumbe kile kiredio anachokiacha kikikwaruza bila stesheni usiku kucha, tulichokuwa tukimcheka nacho, ndiyo dawa yake ya usingizi. Na wenzangu wote wanao, kila mtu na wake, kila mtu kimya akidhani kalogwa peke yake.

Hapo ndipo hasira iliponishika vizuri. Ofisini kwa tajiri kuna kabati, na ndani yake kuna vifunika masikio jozi sita, bado vimo kwenye nailoni. Wakaguzi wakija tunavalishwa, tunapigwa picha, tunavirudisha. Mimi nimepigwa picha navyo mara mbili nikichekelea kama bwana harusi. Tuliporudi nililifungua lile kabati mbele yake nikagawa. Akafoka kwamba kazi sina tena. Mnyapara akavaa vyake, akamwambia hasikii. Bado nipo kazini, ila tajiri akinipita anatazama ukuta. Muuguzi naye ameniambia mlio huenda usiondoke, niwashe feni nikilala, nisijilaze kwenye ukimya mtupu. Angalau masaa manne napata.

Sasa kaa chini, dada.

Fundi saa alikuja kwangu, ile miezi miwili iliyopita. Shati limenyooka, kanyoa, amekuja kujitambulisha kwangu kama shemeji mtarajiwa. Kwa heshima zote, kwangu mimi. Hajakaa sawa kwenye stuli, sikio la kushoto likapiga kelele. Nikamwambia mnafiki, unanisema. Akaniuliza amenisema kwa nani. Nikavitupa viatu vyake uani. Na ili asirudi tena, nikamwambia kwamba wewe, dada yangu, umeshaposwa, na mtu mwenye lori. Aliokota viatu vyake, akanishukuru kwa kumwambia mapema. Alinishukuru, dada. Naweza kulala na mlio. Na ile asante silali nayo.

Nimekasirika na tajiri, nimekasirika na bibi, Mungu amrehemu. Lakini lori halikuwa la bibi. Lilikuwa langu, nililitunga mwenyewe.

Jana nilikwenda dukani kwake nikamweleza yote, hata hili la ghala. Alinisikiliza kile kilenzi kikiwa jichoni, hakuinua kichwa. Alipomaliza saa aliyoishika, akasema viatu amesamehe. Lakini neno lako hatalipokea tena kupitia masikio yangu wala mdomo wangu. Kama hujaposwa na bado unamtaka, umwandikie mwenyewe kwa mkono wako. Atangoja, ila hakuniambia mpaka lini, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Anwani yake, usije ukasema umeipoteza, nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nimeinakili kutoka kwenye kibao cha mlangoni kwake, na yeye mwenyewe ameihakiki. Mwandikie yeye kwanza, leo hii, kabla hujaanza kuniandikia matusi yangu. Mimi nitangoja zamu yangu.

Wasalimie mama na baba, ila hili la lori uwaambie wewe, mimi nimeshindwa. Nakutakia usiku wa kimya, wewe unayeuweza.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi bati