Nyundo Kwenye Daraja la Kinamasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Randa (ndivyo anavyofahamika, jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: miaka 58
Kazi: seremala
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya soko la mbao

Mimi ndiye mwenye maelezo haya. Natoa kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ingawa nina hasira, na afande unaiona.

Mke wangu ana kisukari. Daktari alimwambia atembee, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi huwa tunakwenda na majirani watano kwenye njia za kinamasi, kandokando ya mto. Ni mwendo wa saa mbili, kabla joto halijawa kali. Katikati kuna daraja la mbao linalovuka matete.

Mnamo tarehe 7 ya mwezi huu nilisikia daraja hilo likilia chini ya miguu yangu. Nikainama, nikachoma ubao kwa kisu changu. Kisu kiliingia kama kwenye sabuni. Mbao nne zilikuwa zimeoza kwa chini. Nikaenda ofisini kwa msimamizi wa njia, nikamweleza. Akacheka, akasema, "Fundi, umekuja kutembea au kukagua?" Nikamwandikia barua palepale mezani kwake. Akaigonga muhuri. Nakala ninayo, nimekukabidhi.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, tulifika getini. Mlinzi alituambia, "Fundi, daraja lako limeshatengenezwa. Piteni tu." Tulipolifikia nilikuta limepakwa rangi ya kijani, mpya, inang'aa. Utepe wowote wa kuzuia watu haukuwepo. Kibao hakikuwepo. Nasema tena, afande, andika hivyo hivyo: kibao hakikuwepo.

Nikaamini. Miaka thelathini na tano nashika mbao, nikaamini rangi. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu, "Tangulia, mama."

Alipiga hatua sita. Ubao ukakatika, akazama hadi kifuani, maana mto ulikuwa umejaa kwa mvua ya juzi yake. Niliruka nikamfuata. Nilipomshika makwapani akasema, "Usinivute. Mguu umenaswa." Nikapapasa chini ya maji. Boriti ilikuwa imeanguka naye, ikambana mguu wa kulia kwenye nguzo, na bado ilikuwa imeshikiliwa na misumari mikubwa miwili. Nilivuta kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Hapo ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Nina uhakika kwa sababu shoga yake mke wangu, mshonaji, mmoja wa wale majirani watano, alikuwa juu ya daraja akipiga simu ya kuomba msaada, na alikuwa akitaja saa kwa sauti.

Kama nusu saa baadaye nikasikia nyundo. Nikamwambia mke wangu, "Vumilia, wamekuja." Nikainua kichwa. Mlinzi alikuwa mwanzoni mwa daraja, hatua sita tu kutoka tulipokuwa, akipigilia kibao kwenye nguzo. Msimamizi alikuwa amekishika kisiende upande. Kimeandikwa: HATARI, NJIA IMEFUNGWA.

Nikapiga kelele, "Lete hiyo nyundo huku! Nina misumari ya kung'oa!"

Mlinzi akasita, akamtazama bosi wake. Msimamizi akamwambia, "Malizia kwanza."

Maneno yake ni hayo mawili. Sikuongeza wala sikupunguza. Mlinzi alipiga msumari mwingine. Msimamizi akatoa simu, akapiga picha ya kibao.

Aliyeniletea nyundo ni yule mshonaji. Aliwaendea, akampokonya mlinzi mkononi, akamwambia msimamizi, "Wewe hukuzaliwa na mwanamke?" Nilipoipata, misumari ile miwili iling'oka chini ya dakika tatu. Tulimtoa saa mbili na dakika ishirini na nane.

Jana saa tano asubuhi madaktari walimkata mguu chini ya goti. Walisema ulibanwa muda mrefu mno. Alipozinduka aliniuliza kama wenzake wote walirudi salama. Nikamwambia ndiyo. Nikatoka nje ya wodi.

Leo nimesikia kwamba msimamizi amepeleka ile picha hapa kituoni, akisema tulipuuza onyo. Afande, naomba mkaitazame picha saa iliyopigwa. Mkaikwangue rangi ya kijani muone kilicho chini yake. Kupaka rangi ubao uliooza ni kumpaka maiti poda.

Jambo la mwisho. Umenisomea uliyoandika, na mstari wa kwanza unasema "ajali". Naomba neno hilo lifutwe. Ajali haisemi "malizia kwanza."

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na mbele ya hakimu yeyote nitayasema hivi hivi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, vidole vya mkono wa kulia vimefungwa bendeji)

Maelezo ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Neno lililolalamikiwa limefutwa, naye ametia sahihi pembeni. Msimamizi ameitwa kufika kituoni leo saa nane mchana, na aje na simu yake.