Nilicheka Usingizini, na Aliyemuua Baba Ameketi Kando Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho ndipo uniite majina, maana mwenyewe nimeshajiita yote ninayoyajua. Mimi ni mpiga pasi katika duka la dobi, nina mama mzee, nina kaka mkubwa, na nina mdogo wetu wa mwisho ambaye mpaka leo tunamwita Kitinda ingawa ana ndevu, na huyo Kitinda ndiye aliyemuua baba yetu. Nasema wazi nisikuzungushe. Kitinda alikuwa mgonjwa, sauti zilimwambia kwamba anayeingia mlangoni si baba bali mtu aliyevaa sura ya baba, na baba wa watu alikuwa amesema hodi tu kama kila jioni. Mahakama iliwasikia madaktari, ikaona hakuwa na akili zake, ikampeleka kwenye ile hospitali yenye mageti mawili, na huko ndiko aliko mpaka sasa.

Huko kuna muuguzi mmoja, mama wa makamo, sauti yake kama anabembeleza mtoto. Kila Alhamisi mchana anawakusanya wagonjwa katika chumba chenye mapazia ya kijani, ndala zinaachwa mlangoni, wanaketi kwa duara, na kazi yao, mshauri, ni kukaa. Wanasikiliza pumzi zao, wanasikiliza feni, na muuguzi anawaambia wazo baya likija msilifukuze wala msilifuate, wazo ni mgeni anayebisha hodi, na mwenye nyumba halazimiki kusema karibu, anaweza kusema nimekusikia na akaendelea na feni yake. Niliposikia neno hodi humo ndani nilitaka kutoka. Lakini nilikuwa nimealikwa kama ndugu, na nilikwenda kwa sababu mama miguu haimbebi tena na kila siku ananiuliza swali lilelile, "Anakula?"

Muuguzi akamuuliza Kitinda leo kimekuja nini. Akasema, "Amekuja baba. Huwa anakuja asubuhi. Zamani nilikuwa namwambia si mimi, si mimi, mpaka nachomwa sindano. Siku hizi namwambia ni mimi, baba. Halafu nakaa naye mpaka chai iletwe." Alisema hivyo taratibu kama mtu anayesema leo kuna mawingu, na utulivu huo ndio ulionichoma, kwa sababu alipokuwa akilia na kujigonga ukutani nilijua pa kuiweka hasira yangu, sasa ametulia, amenenepa, analala, na mimi niliyepiga deki damu ya baba sakafuni sijapata usingizi wa maana tangu siku ile, hiyo ni haki kweli?

Basi nikiwa na hasira hiyohiyo feni ikawa inazunguka, pazia linajaa upepo na kupungua, linajaa na kupungua, mwanga wa kijani unatembea juu ya magoti ya watu, na kwa mbali nikasikia mvuke wa pasi yangu ya kazini, sijui ulitokea wapi, kisha nikamwona baba. Amevaa fulana ya ndani, anatafuta miwani nyumba nzima, anainua mito, anamlaumu mama, na miwani iko juu ya paji la uso wake. Nikacheka. Mshauri, nilicheka kwa sauti, na kicheko changu ndicho kilichoniamsha, nikakuta duara zima linanitazama kwa upole na feni inakwenda polepole kuliko mwanzo. Muuguzi akaninong'oneza, "Kitinda ameomba tuipunguze. Anasema dada anaona baridi."

Nilimwambia mama, mama akamwambia kaka, kaka akaja dukani mbele ya wateja: "Umelala? Pale? Damu ya baba kwako imekuwa maji?" Na mwezi ujao jopo la madaktari litakaa kuamua kama Kitinda aanze kutoka kwa siku moja moja, na nimeshaambiwa nitaulizwa, "Je, familia inamkubali?" Kaka anasema nikitamka nakubali nimemuua baba mara ya pili, mama anasema nisipotamka nimemzika mwanawe akiwa hai, na mle chumbani namo kutwa ni kubali, kubali, kubali kilichotokea, kubali kinachouma. Nikubali nini? Nirudi kule au nisirudi? Na ule usingizi, mshauri, nimemsaliti baba?

Ni mimi Mpiga Pasi.

*

Mpiga Pasi, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, maana ulinikera. Sasa tulia nikuseme.

Haya mambo ya kukaa na kusikiliza pumzi mimi niliyaona ni ya watu wasio na vyombo vya kuosha. Nikampigia daktari wa akili ninayemwamini, akanicheka, kisha akaniambia kwamba mgonjwa hawekwi kwenye lile duara ili astarehe. Anawekwa ili aweze kulitazama alilotenda bila kutimua mbio, kwa sababu anayekimbia alilotenda huzikimbia na dawa zake. Na dawa haziachwi. Kukaa ni nyongeza tu.

Wewe umenilalamikia utulivu wa mdogo wako, lakini maneno yake umeyapita kama uliyepishana na mdai. Yarudie. Kijana anasema, "Ni mimi, baba." Huko ndiko kustarehe? Hebu jaribu wewe kumngoja mgeni huyo kila asubuhi mpaka chai iletwe.

Sasa hilo neno lenu, mmelibebesha mizigo ya ukoo mzima. Kitinda anapokubali, anakiri. Muuguzi anaposema kubali, anasema acha kupigana na jambo ambalo limeshatokea, halirudi nyuma. Kaka yako akilisikia yeye anasikia ridhia, useme ilikuwa sawa, na hilo hakuna aliyekuomba. Wewe si mpiga pasi? Tangu lini kunyoosha shati kukawa ni kufuta doa? Na jopo linauliza jambo jingine kabisa: je, akitoka kuna pa kulala, kuna wa kuhakikisha amemeza dawa, akianza kubadilika mtamwita nani? Hilo ni swali la kitanda na ufunguo, halina uhusiano na kaburi la mtu.

Kwa hiyo siku ya jopo usiseme nakubali wala sikubali. Sema unachokijua: kwamba aliua, kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba utaendelea kumtembelea, na kwamba mlango wa nyumba ile bado hamwezi kumfungulia. Kama ni kutoka, aanze na muuguzi kando yake, mkutane mahali pengine, mchana. Usiwaahidi zaidi ya hapo kwa sababu ya huruma ya feni moja. Utulivu si cheti. Kupima hatari ni kazi ya madaktari, si yako kwa huruma wala ya kaka yako kwa hasira. Na ukiwa huko mwambie huyo muuguzi kuwa hulali. Kutolala nako ni ugonjwa, na mganga wake hayuko dukani kwa dobi.

Mama mwambie anakula. Hilo tu, kila siku, hata akiuliza mara kumi. Kaka yako usimburute. Msiba ni wake pia, ila yeye ameuweka mdomoni na wewe umeuweka machoni. Akija tena kukufokea mbele ya wateja, mpe pasi anyooshe kola huku anaongea.

Umebaki usingizi. Tangu siku ile umesimama mlangoni, kila kinachobisha unakifukuza. Mchana ule usingizi ukasema hodi, ukasahau kuukatalia, na haukuingia peke yake. Uliingia na baba yako, mzima, mkorofi, anatafuta miwani. Niambie ukweli, muda wote huu wa kukesha, ukifumba macho ulikuwa unamwona amelala wapi?

Basi. Alhamisi nenda. Na uchukue sweta.