Mama, Waliniuliza Habari Zenu kwa Kiingereza

Kampala, siku ya yenga, nimetoka misa sasa hivi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Papa, na wadogo wangu Solange na Bauma, bila kumsahau Mama Riziki aliyewafungulia mlango wake pale Walikale mukiwa na matope hadi magotini. Mguu wako uko aje? Na kikohozi cha Papa kimepungua, ao unyevu wa msitu wa huko unakizidisha? Mumepata blanketi? Nijibuni yote, hata yale munayoona yatanisumbua. Kutojua kunanisumbua zaidi.

Mimi niko mzima. Naandika kwa mkono kwa sababu ile simu munayoazima huko inakatika kabla hatujamaliza kusalimiana. Baba mdogo wa Kavira anarudi Butembo na camion yake ya mizigo, na amesema kule atapata mfanyabiashara anayeshuka Walikale.

Mama, wacha nikueleze tangu mwanzo, maana kwenye simu ulisikia tu "nimepita mtihani" na kilio.

Nilipotoka Karuba nilikuwa na diplome yangu ya biashara ndani ya begi, na nilidhani imetosha. Huku wanaiheshimu, lakini niliisomea kwa Kifaransa, na chuo kikuu hakikupokei mpaka uonyeshe kwamba Kiingereza chako kinaweza kubeba masomo. Si Kiingereza cha kununua nyanya. Hicho nilikiokota haraka kwenye duka la vitenge ninapofanya kazi asubuhi. Wanataka usome kurasa nyingi za watu wenye maneno marefu, kisha uandike kama unakubali ao unakataa, na kwa nini. Njo maana niliingia darasa la maandalizi pamoja na Kavira, huyo msichana wa Butembo ninayeishi naye chumba kimoja. Kwao wako na duka na usafirishaji, basi yeye hana mashaka ya kuchagua masomo: biashara tu.

Kifaransa chetu kilinidanganya vibaya. Wiki ya kwanza nilienda kumwomba mwalimu kitabu. Ni mama wa Kiganda, tunamwita Madamu. Kwa Kifaransa kuomba ni "demander", basi nikapiga magoti kidogo kwa heshima nikasema, "Madam, I demand a book." Kumbe kwa Kiingereza nilikuwa nimemwamuru, kama askari kwenye barrière ya barabarani! Madamu akanitazama juu ya miwani akaniuliza bunduki nimeiacha wapi. Watu wakaanguka kwa kicheko. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Tulipoona hivyo, mimi na Kavira tukaamua kwamba jikoni hakuna tena Kifaransa, wala Kiswahili, wala Kinande. Siku moja nilikuwa nakata vitunguu, nimeipa sufuria mgongo. Nageuka, naona Kavira amesimama mkono juu, mdomo wazi, macho yanazunguka. "The beans," anasema. "The beans are… the beans are…" Neno lilikataa kuja, moshi ukaja. Yale maharagi tuliyala hivyo hivyo, machungu, na neno la kuungua kwa Kiingereza hatutalisahau tena.

Darasani tulikuwa tunasoma mambo ya aina mbili: biashara, na sosiolojia, yaani elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja. Siku moja tulipewa maandishi yaliyosema kwamba vita ikiingia mahali, soko linakufa. Nikainua mkono kabla sijajua nitasema nini. Nilikuona wewe, Mama, unashuka Walikale na fromage, ile jibini ya Kirolirwe, na maharagi, na Mama Riziki anakungojea na mafuta ya mawese. Wenye bunduki wamebadilishana ile njia mara ngapi? Nikasema kwa Kiingereza kilichovunjika kwamba kwetu soko halifi, linahama siku na linahama njia, na wanawake njo wanaopashana habari wapi pa kupita. Madamu akasema, "Iandike hiyo." Nikaiandika. Ilirudi nyekundu juu mpaka chini, na mwishoni aliongeza kwamba wazo ni zuri sana, Kiingereza chenyewe njo kiko mgonjwa. Nikaandika upya. Akarudisha tena. Nikaandika tena. Mama, sijawahi kuchoka vile nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Kisha tukasikia mambo ya Karuba.

Kavira aliyasikia kwanza, kwa watu wa camion: mabomu yameanguka kwenye milima yetu, watu wamekimbia, wengine kuelekea Bihambwe, wengine hawajulikani. Nikapiga simu yako. Ya Papa. Ya jirani. Zote kimya. Nilipiga mpaka dada ninayeuza naye dukani akaninyang'anya simu akanikalisha. Na mtihani wa kuongea Kiingereza, ule wa kuingia chuo, ulikuwa wiki ile ile.

Nikaanza kufunga begi. Kavira akasimama mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Ninarudi. Nitafika mpakani Bunagana, kutoka pale nitaona."

"Utaona nini? Barabara imefungwa. Utamubeba mama yako kwa mugongo?"

"Siwezi kukaa hapa nikiongea Kiingereza na wao sijui wako wapi!"

"Basi ukae ukilia, lakini ukae. Mama yako akitoka kule akute nini? Mutoto amepotea njiani? Baba mudogo anauliza kila muntu anayetoka ule upande. Weye fanya mutihani."

Nilimkasirikia, Mama. Nilimwambia hajui uchungu kwa sababu watu wake wako salama. Alitoa nguo zangu kwenye begi moja moja, akazikunja. Ndipo nikakumbuka kwamba kaka yake alipotea kwenye njia ya Beni, na mpaka leo hawajui. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Lala tu."

Siku ya mtihani niliingia kwenye chumba chenye watu wawili, mzee mmoja na mama mmoja wa umri wako. Yule mama akaanza kwa upole: nieleze habari za familia yangu, wanaishi wapi, wanafanya kazi gani. Ni swali la watoto. Tulilifanyia mazoezi mpaka likatuchosha.

Lakini Kiingereza kinakulazimisha uchague pale pale, jambo linaendelea ao limekwisha. Mama yangu anauza, ao aliuza? Papa analima, ao alilima? Nilibaki kimya. Mzee akadhani sikusikia swali, akalirudia polepole. Nilikuwa naona nikisema neno moja tu la wakati uliopita nitakuwa nimewazika kwa mdomo wangu.

Nikachagua. "My mother sells cheese and beans," nikasema. Anauza. "My father grows potatoes." Analima. Dada yangu anasoma, mdogo wetu anachunga mbuzi na anawapoteza kila wiki. Yote nikayasema kama yanaendelea saa ile ile, na machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Yule mama akaniuliza kama tusimame kidogo. Nikasema hapana. Nikawaeleza kwamba siku zile sikujua muko wapi, na kwamba hata hivyo ningependa kumaliza.

Wakaniacha nimalize. Nikawaeleza soko letu, njia ya Masisi kwenda Walikale, jinsi fromage inavyofungwa isiharibike, jinsi mwanamke wa Karuba anavyomwamini mwanamke asiyemfahamu kwa sababu tu alitumwa na mwingine anayemfahamu. Mzee aliacha kalamu. Akaniuliza, nikajibu, akauliza tena. Sarufi yangu ilianguka mara nyingi, naijua. Lakini walinisikia.

Majibu yalipotoka nikaona nimepita. Kavira amepita pia, na alama zake ni nzuri kuliko zangu, amenifurahisha kweli! Alipiga kelele, akaniinua juu. Nami nikasimama pale nimepita na sina wa kumwambia. Hiyo njo siku mbaya kuliko zote, Mama, mbaya kuliko ile ya habari za mabomu.

Kesho yake nilikuwa nakunja vitenge, baba mdogo wa Kavira akaingia dukani mbio, simu mkononi. Sauti yako ikatoka: "Mapendo, tuko bazima. Tuko Walikale kwa Mama Riziki. Weye ulikula?" Nilikaa chini sakafuni kati ya vitenge. Wateja wakanizunguka wakidhani nimefiwa. Dada wa duka akawaambia, "Amepata watu wake," na mama mmoja nisiyemjua akaanza kupiga vigelegele.

Sasa neno la Papa. Juzi nilipomtajia masomo yangu, aliuliza, kabla simu haijakatika, "Sosiolojia iko kazi gani? Biashara si ingetosha?" Papa, nimepewa nafasi ya kusoma zote mbili pamoja. Biashara itanifundisha namna ya kuweka duka lisianguke. Ile nyingine itanifundisha kwa nini Mama Riziki aliwapokea, na namna ya kuwasaidia watu wengine wapokeane hivyo. Kazi yake nitaitafuta, nawaahidi. Masomo yanaanza wiki kesho.

Solange asikae bila shule. Najua madarasa ya Walikale yamejaa, aketi hata chini.

Jambo la mwisho. Padri wa hapa ameniomba nifundishe Kiingereza wakimbizi wapya, kila siku ya posho, ile ya kabla ya yenga. Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mzee wa Bihambwe. Nikamwandalia salamu ubaoni, akanikatalia. "Mutoto wangu, salamu niko nazo. Nipe neno moja tu la kumuonyesha docteur mahali panaponiuma. Kila mara nikienda anashika tumbo, na miye ninaumia mugongo." Tulirudia sentensi ile mpaka jasho likamtoka. Katikati ya wiki akaenda kwa docteur, na leo baada ya misa amenikamata mkono mbele ya watu wote, anacheka, meno yote nje: "Alinisikia! Mapendo, muzungumzo yangu aliisikia! Ameshika mugongo!"

Msalimie Papa na umwambie avae koti. Msalimie Mama Riziki, mwenye nyumba wenu, nampigia magoti kutoka huku. Solange na Bauma nawakumbatia. Majirani wa Karuba munaokutana nao njiani, waambieni nawauliza mmoja mmoja. Kavira, rafiki yangu, anakusalimu kwa Kiingereza, na amekataa nikutafsirie.

Nabaki binti yako anayekupenda, na ndiyo, nimekula,

Mapendo