Homa ya Hilja

Oulu, 3 Septemba 1997

Dada Marjut mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila mama goti linamsumbua kama kawaida. Amekuokea mkate wa shayiri, na najua utakufikia ukiwa mgumu kama tofali. Wewe je, unaendeleaje? Nesi wa hospitalini ameniambia mionzi ya saratani imekukausha koo hata kunong'ona huwezi, basi simu tuiache, tuandikiane.

Kuhusu yale uliyomwagiza daktari mwezi wa nane, kwamba habari zote anipe mimi na wewe usiambiwe kitu mpaka uulize mwenyewe: aliniita, tukaongea. Nimenyamaza kama ulivyotaka.

Sasa mchezo wetu wa mezani, ule wa mashujaa wa kubuni na dadu. Ijumaa tulikaa jikoni kwangu, mimi na wachezaji wenzetu Teuvo na Sirkka, na kiti chako kitupu. Hatukuwa na moyo wa kuendelea, maana shujaa wako Hilja tulimwacha msituni na mshale pajani. Nimeamua utacheza kwa barua. Wewe andika Hilja anafanya nini, mimi nitarusha dadu na kukueleza kilichotokea. Kidonda kimeanza kunuka. Ana maji, kisu, moto na asali kidogo. Mganga wa karibu yuko mwendo wa siku tatu. Unafanyaje?

Mdogo wako,
Ilpo

Helsinki, 8 Septemba 1997

Mdogo wangu Ilpo,

Nimepata barua yako na tofali la mama. Nimelilowesha kwenye chai, likashuka. Hali yangu unaijua kuliko mimi, kwa hiyo nisikuchoshe.

We Ilpo, miaka kumi na moja unatuendeshea mchezo huu, na miaka kumi na moja nakulaani. Mashujaa wa watu wengine wanachomwa mkuki asubuhi, jioni wanacheza ngoma. Wetu wanakufa kwa kuhara! Unakumbuka shujaa wa Sirkka alivyokunywa maji ya dimbwi? Sirkka analia machozi ya kweli, na wewe unasema, "Maji machafu ni maji machafu." Nilitaka kukumwagia kahawa. Lakini Ijumaa iliyofuata nilirudi, kwa sababu kwenye meza yako mtu akipona, amepona kweli.

Haya. Hilja anachoma kisu motoni, anakata nyama iliyooza, anapaka asali. Kisha anakata gongo la kutembelea na kuanza safari kwenda kwa mganga. Dadu irushwe waziwazi katikati ya meza, kama desturi yetu. Na kwa kuwa mimi sioni, Teuvo atie sahihi kando ya namba. Usinihurumie. Huku nahurumiwa kutwa nzima.

Dada yako,
Marjut

Oulu, 14 Septemba 1997

Dada,

U hali gani? Mama anauliza, Sirkka anauliza, hata Teuvo, ambaye huwa haulizi kitu.

Homa ya Hilja inataka kumi na tano au zaidi kwenye dadu ya pande ishirini. Mara moja kwa kila siku ya safari, yaani mara tatu, na ikikosa hata moja ndiyo basi. Ya kwanza imetoka kumi na saba! Teuvo aliruka akagonga taa kwa kichwa. Sahihi yake hiyo hapo pembeni, na hilo doa ni damu yake.

Mdogo wako,
Ilpo

Oulu, 28 Septemba 1997

Dada,

Natumaini koo limepoa kidogo. Huku baridi imeanza, mama ameshatoa soksi za sufu.

Kumi na nane! Hilja amelala usiku wa pili akitetemeka, lakini asubuhi ameamka. Teuvo ana mafua, hakuja, kwa hiyo safari hii hakuna sahihi.

Mdogo wako,
Ilpo

Oulu, 7 Oktoba 1997

Dada,

Salamu kutoka kwa wote. Kumi na sita. Hilja amefika. Mganga amemfungulia mlango, akamlaza kitandani kwake, akamsafisha kidonda na kumpa mchuzi wa samaki. Alipotaka kumlipa, mganga akakataa: "Wewe pumzika tu, mwanangu." Homa imeshuka. Amepona, dada.

Mdogo wako,
Ilpo

Helsinki, 13 Oktoba 1997

Ilpo,

Salamu nitakupa ukizistahili.

Nimefundisha hesabu miaka kumi na mbili. Kupata kumi na tano au zaidi mara tatu mfululizo, katika majaribio mia haitokei hata mara tatu. Sawa, bahati ipo, sikatai. Na Teuvo kuumwa mafua wiki mbili, sawa. Lakini mganga wa dunia yako kukataa malipo? Mganga wako wewe, aliyemtoza Sirkka farasi mzima kwa kung'oa jino moja?

Hapa kila anayeingia anatabasamu. Mama anaandika kwamba krismasi nitakula nyumbani. Nesi anasema nina rangi nzuri leo. Nimejitazama kwenye kioo, Ilpo, nina rangi ya uji. Nilikuwa na meza moja tu duniani ambapo namba ilisomwa kama ilivyoanguka. Umeninyang'anya hiyo pia.

Ilitoka ngapi?

Marjut

Oulu, 19 Oktoba 1997

Dada,

Nisamehe. Teuvo hakuwa na mafua. Alikuwepo, na dadu ilitoka nne. Niliiokota haraka nikaandika kumi na nane. Teuvo akasema, "Hiyo siitii sahihi mimi," akavaa koti akaondoka, na tangu siku hiyo hajaja. Hiyo kumi na sita sikuirusha kabisa, niliiandika tu.

Hilja alikufa usiku wa pili, chini ya msonobari, mvua ikinyesha. Hakuna aliyempata. Nilishindwa kukuandikia. Nilishika kalamu mara nne nzima, mkono ukakataa.

Mdogo wako,
Ilpo

Helsinki, 24 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Asante. Nimemlilia Hilja asubuhi nzima, nesi akadhani ni maumivu. Hasira imeisha. Mwambie Teuvo arudi Ijumaa, na wewe umuombe radhi.

Sasa lile lingine. Mwezi wa nane niliogopa, nikakutwika wewe mzigo wangu, na lilikuwa kosa. Nauliza sasa. Ningeweza kumuuliza daktari, lakini yeye atapanga maneno. Daktari alikwambia nini?

Dada yako,
Marjut

Helsinki, 5 Novemba 1997

Ilpo,

Siku kumi na mbili kimya. Mkono wa kushika kalamu umekuwa mzito, kwa hiyo naandika mara moja tu: usiniache niulize tena.

Dada yako

Oulu, 8 Novemba 1997

Dada yangu Marjut,

Sijui nikusalimie vipi leo.

Alisema mionzi ni ya kupunguza maumivu tu. Saratani imeshaenea kwenye mapafu. Nilimuuliza kama kuna dawa nyingine, akasema hakuna. Nikamuuliza ni muda gani, akasema krismasi huenda ikakukuta, huenda isikukute, lakini theluji ya mwaka huu hutaiona ikiyeyuka. Nikamwambia arudie, akarudia yaleyale. Mama hajui. Nimekaa na maneno haya tangu Agosti, na kila mara nilipokuuliza unaendeleaje nilikuwa najua.

Ningekuwa na uwezo ningedanganya mpaka mwisho, kwa kila kitu, nisingeona haya. Sina uwezo huo. Jumanne nachukua treni ya asubuhi. Nitakaa hapo kitandani kwako, na sijui nitafanya nini zaidi ya kukaa.

Mdogo wako,
Ilpo