Inchi Mbili za Sakafu ya Mama

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo, na hao wa kwako? Mimi mzima wa mdomo tu. Miguu imeshastaafu, na moyo, daktari anasema, unafuata.

Kabla haujafika huko, nikwambie. Sakafu ya mama hukuikosea wewe. Nilipima mimi kimo cha kuyakwepa mafuriko, nikapata futi 3.9 juu ya kigingi. Sisi wapima ardhi huigawa futi sehemu kumi. Ninyi waashi, inchi kumi na mbili. Nikakuandikia futi tatu na inchi tisa. Ilitakiwa karibu inchi kumi na moja. Mafuriko yaliingia kina cha kidole tu. Mama akalala kwenye majimaji, kifua kikambana. Msibani kwake dada alipokuita fundi lipualipua, nilikuwa nimeshapiga hesabu upya. Nikanyamaza.

Nisamehe ukiweza. Kaburi langu ulijenge wewe.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Salamu zimefika. Sisi tunapumua.

Nimesoma, chai ikapoa mkononi. Tangu msiba ule dada hajaniruhusu hata kumpigilia msumari ukutani. Wanangu anawaita "watoto wa yule". Leo unaninong'oneza mimi? Mimi najua nilivyojenga. Asiyejua ni dada. Mwambie kwa mdomo wako, au kaburi lako wakujengee wasomi wenzako.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika nimelala, mwandiko usiucheke.

Dada alikuja jana. Nimemwambia yote. Aliokota mkoba wake, akasema, "Na ulikuwa unakula naye sahani moja!" Akaondoka hata maji hakunywa.

Njoo basi wewe.

Kaka yako

11 Aprili

Kaka,

U hali gani? Dada yuko kwangu. Alisimama mlangoni, akasema, "Fundi, sakafu ya jiko langu imepasuka." Tukalia kama watoto.

Hasira ningali nayo, sikufichi. Lakini Jumamosi tunakuja wote. Usinifie kwanza, mzee.

Mdogo wako

15 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo, na shangazi pia. Barua yako imefika leo. Baba tulimzika juzi; hatukuwa na njia ya kuwapata upesi. Poleni.

Kaburi halijajengwa. Mafundi wamekuja, nimewarudisha. Baba alisema tukungoje wewe, na mtu yeyote asikupe vipimo. Upime mwenyewe.

Binti yako