Pauni za Pauline Zimekwama Kwangu

Nyumba Na. 9,
Mtaa wa Clough,
Huddersfield,
Uingereza.

17 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Doreen,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la Mjomba Colin limekubali kupinda tangu lipasuliwe. Je, Lorna wenu amejifungua? Baba anasema bado, lakini Baba hupata habari zikiwa zimeshapoa. Huko New Zealand sasa ni majira ya maua. Hapa giza linatukuta tungali ofisini, na mvua ni ileile unayoijua.

Mwili wangu ni mzima. Nasema mwili kwa makusudi.

Bado niko katika ofisi ile ya mawakili, dawati lilelile karibu na mlango. Bwana Sutcliffe ameahidi kwamba mwakani nitaanza kusomea kazi ya hati za mauzo ya nyumba, na ofisi italipa ada. Ndiyo maana naogopa. Karani anayeshika pesa za wateja hatakiwi kuwa na doa lolote benki, na mimi doa hilo huenda nikalipata wiki hii.

Sijui kama siku zako mambo haya yalikuwepo. Siku hizi benki zinanyang'anyana wateja. Ukiihama yako ukaenda kwao, wanakupa zawadi ya pauni mia moja sabini na tano. Kuhama kwenyewe si kazi: unajaza kwenye simu, nao wanahamisha mshahara, umeme, kodi na kila kitu, kisha akaunti ya zamani inafungwa. Ofisini kwetu watu huhama benki kama wanavyobadilisha mapazia. Gareth Oldroyd, wa dawati la pili, amehama mara nyingi hadi hajui kadi ipi ni ya wapi. "Mimi sina benki," husema, "nina wachumba."

Masharti hayakosekani. Lazima uwe na malipo mawili yanayokatwa kila mwezi. Mimi nilikuwa na ya simu tu, kwa hiyo nikajiandikisha kuchangia makao ya punda wazee. Lazima pia uingize pauni elfu mbili kwa mkupuo mmoja, na mshahara wangu haufiki hapo.

Hapo ndipo Pauline Hebden anapoingia. Pauline ni msimamizi wa ofisi, mama wa makamo anayegawa chai na amri kwa wakati mmoja. Ana pauni elfu mbili alizoweka kando kwa ajili ya ukumbi wa harusi ya binti yake. Humtumia mmoja wetu, huyo akishatimiza sharti anamrudishia, kisha anafuata mwingine. Pesa zilezile zimepita kwa nusu ya ofisi, na benki zimelipa zawadi bila kuuliza. Wanaziita birika, kwa kuwa kila mtu anajimiminia.

Nililikataa birika kwa muda mrefu. Siku moja tukiwa jikoni, Pauline akaniambia, "Tamsin mwanangu, pesa zimelala barabarani, nawe unaziruka?" Gareth akadakia, "Mwache huyo. Hata mashine ya kuchapa huiomba radhi kabla ya kuibonyeza." Wakacheka, nami nikacheka nao. Jioni hiyo nikahama.

Pesa za Pauline ziliingia kwangu salama. Kabla sijazirudisha, benki mpya ikaizuia akaunti. Naiona kwenye simu kama mtu anavyouona mkate dirishani duka likiwa limefungwa. Wanataka kujua pesa zimetoka wapi na zinakwenda wapi, maana pesa inayoingia na kutoka upesi ndiyo njia ya wezi kuficha walichoiba. Wakiamua mimi ni mmoja wao, wataniwekea alama, na kila benki nchini itaiona.

Nilidhani nitarudi benki yangu ya zamani, ile mliyonifungulia wewe na Baba nikiwa ningali shule ya msingi. Haipo tena, nimeifunga kwa kidole changu mwenyewe. Nilijaribu kufungua akaunti kwingine, wakanijibu kwamba kwa sasa hawawezi, wala hawakusema sababu. Mshahara wa mwezi huu ofisi iliutuma kwenye ile namba ya zamani, lakini huduma ya kuhamisha ni makini kuliko mimi: kila peni yenye jina langu inaongozwa moja kwa moja hadi kwenye akaunti iliyozuiwa.

Kwa hiyo naenda kazini kwa miguu. Mwenzangu wa nyumba ananipikia maharage juu ya mkate wa kuchoma na hasemi kitu, jambo linalonitia aibu kuliko kama angesema. Hata wale wa punda wameniandikia kwamba mchango wangu haukufika. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, lakini hawa walinitakia siku njema.

Pauline hana subira hiyo. Ukumbi lazima ulipiwe kabla ya mwisho wa mwezi. Alinivuta kwenye chumba cha mafaili akafunga mlango.

"Sikiliza, mpenzi. Wakikupigia, sema nilikukopesha ununue gari. Basi, habari imekwisha."

"Lakini Pauline, mimi sijui kuendesha gari."

"Ndiyo maana hujalinunua!"

Nilijifunza uongo ule kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nikachagua aina ya gari, nikachagua na rangi. Alhamisi benki ilipopiga nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za dharura, mvua ikininyeshea. Alikuwa kijana mwenye sauti ya uchovu.

"Bibie, hizi pauni elfu mbili ni za nani?"

Nilifungua kinywa nitaje gari. Sijui kilichotokea, Shangazi. Nikasikia nikisema, "Si zangu. Nimeazimwa ili nionekane ninazo, nipate zawadi yenu."

Nikamsikia akiandika. "Na aliyekuazima, amewaazima na wengine?"

Nikasema hilo amuulize mwenyewe.

"Unaelewa kwamba siwezi kukuahidi chochote?"

Nikasema naelewa.

Nilirudi ndani nikamweleza Pauline kabla hajasikia kwa mwingine. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema, "Yaani umeniuza kwa sababu neno 'gari' lilikushinda," akaenda kuwasha birika, birika la kweli. Akapeleka chai kila dawati. Yangu haikuja. Wewe umefanya kazi katika ofisi za mji huu, Shangazi, huhitaji nikueleze maana yake. Ijumaa vilevile haikuja, na Gareth alijifanya anatafuta kitu ndani ya droo.

Bwana Sutcliffe hajui bado. Kesho asubuhi nitagonga mlango wake nimwambie kabla benki haijamwambia. Nimeandika maneno yangu ya kwanza kwenye karatasi, nikayafuta, nikayaandika tena.

Jana simu yangu ililia. Nikadhani ni hukumu. Kumbe zawadi imeingia: pauni mia moja sabini na tano, pamoja na ujumbe wa kunikaribisha na picha ya fataki. Zimekaa pale juu ya pesa za Pauline. Naziangalia tu.

Tafadhali usimwambie Baba mpaka nimwambie mwenyewe. Atapanda treni aje apigane na benki nzima, nawe unamjua kaka yako. Nisalimie Mjomba Colin na umwambie asipande ngazi kwa goti hilo. Msalimie Lorna, na mtoto wake kama ameshafika.

Najua pia moyo wako. Ukimaliza kusoma utataka kunitumia chochote ulicho nacho. Nakuomba usitume pesa. Chochote kitakachokuja kwa jina langu kitaingia humohumo, kikae na zawadi yangu. Ukitaka kunisaidia, nitumie soksi zako za sufu, zile nene. Viatu vyangu vinaingiza maji, na njia ya kazini ni ya mlima.

Mungu awalinde nyote nyumbani kwenu, na asichoke kunitazama mimi huku.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye siku zote,

Tamsin