Jicho yenye ililia peke yake

Huguette, uko? Natoka ku kilio ya papa Musonda, jirani yetu. Nasikia haya mpaka mu mifupa.

Unajua tangu sura yangu ipooze upande moja, sitokake inje. Leo nikasema bon, naenda paka kusalimia tu, nakaa nyuma, kitambaa ku kinywa, narudia ku nyumba.

Sasa ile jicho yenye haifungake ikaanza kutoa machozi. Peke yake! Mi sikulia, Huguette. Sikulia!

Bamama bakaniona. "Lia, mama, lia tu." Bakanikamata mukono, bakanikalisha ku mukeka, pembeni ya mujane. Mi! Yule papa nilikuwa namusalimia paka ku mulango!

Mujane akanikumbatia. Akaweka shavu yake ku shavu yangu, ile yenye ilikufa. Tangu ugonjwa hakuna muntu alinigusa sura. Unasikia? Hakuna.

Njo jicho ya pili nayo ikaanza.

Kisha dada ya mujane akaniuliza polepole: "Mama, uko nani yake?"

Nikatoka mbio, kitambaa nikaacha palepale.

Kesho banazika. Nataka kurudia pale ku mukeka, kweli, vraiment. Akiniuliza tena, nijibu niko nani?